Karamu ya Kumuaga Aliyenitangulia

Wapendwa, nimesimama kwa sababu akina mama wa kikundi wamesema sitoki Migori bila kushuhudia. Nitasema mbiombio, mnanijua, subira sikupewa. Jina la mtu sitaji. Mwenye kujua atajua, na asiyejua atakula tu baadaye.

Nilipomaliza fomu foo mwaka juzi, Uhuru ilikuwa mpya kabisa. Wageni walikuwa wanakuja nchi hii kuangalia simba, na kila hoteli unayosikia, meneja ni mzungu. Kukatangazwa kule Homa Bay kwamba kuna nafasi moja, moja tu, ya kwenda chuo kikuu ng'ambo kusomea digrii ya utalii, na namna ya kuandaa mikutano na sherehe kubwa.

Baba alicheka mpaka akashika kaunta ya duka. "Digrii ya karamu? Mama yako anaandaa harusi nzima na hata darasa la tatu hakufika."

Yeye acheke. Mimi nilikuwa nimeshikwa. Tangu nikiwa mdogo, mgeni akiingia kwetu ni mimi nilikuwa naamua akae wapi, nani asikalishwe karibu na mkwe wake, nani anawe mikono kwanza. Kusikia kazi hiyo inafundishwa chuo kikuu, niliona kama wamenitungia mimi.

Tukaitwa wengi, tukabaki wawili. Mimi, na binti ya mama yangu mdogo, yule mdogo wake mama aliyeolewa Homa Bay. Sisi ni Wasabato, wao Wakatoliki, lakini likizo zote tumelala kitanda kimoja. Kamati ikamchukua yeye. Mimi nikaandikwa wa pili.

Ndugu zangu, nawaambia, afadhali uwe wa kumi. Wa kumi anaenda nyumbani analala. Wa pili anabaki anamwangalia wa kwanza anavyotembea. Niliona wivu mpaka kwa viatu vyake. Akikohoa, nasema moyoni, pengine ni kifua, daktari atamkataza kusafiri. Msinitazame hivyo, na nyinyi mna mabinamu.

Mama mdogo akafanya karamu ya kumuaga, Jumapili. Nikatumwa kusaidia. Fikirieni: niende nipange meza ya mtu aliyebeba nafasi yangu. Na mwenyekiti wa kamati alikuwa anakuja kutoka Kendu Bay na jamaa zake, wazee na akina mama. Alikuwa bado hajatia sahihi ya mwisho. Hiyo sahihi iliniwasha kichwani njia nzima.

Nimefika jikoni, nikafunua sufuria kubwa. Kamongo. Kamongo ya kukaushwa kwa moshi, imekatwa vipande, imepikwa na njugu mpaka huwezi kujua ni samaki gani. Kwa mama mdogo hiyo ni heshima, mgeni mkubwa ndiye anapewa. Lakini wale wa Kendu Bay ni Wasabato kama sisi. Samaki isiyo na magamba hatuli. Na ule mwiko wa kamongo ulikuwa umeshaingia kwa kuku na kwa mboga. Kando kuna birika la chai ya majani, nayo hawanywi. Yaani hapakuwa na kitu mle ndani cha kumpa mwenyekiti isipokuwa ugali na maji.

Binamu yangu alikuwa chumbani anajaribu koti la baridi.

Nikarudisha kifuniko. Nikajiambia, mimi sijapika. Mimi sijadanganya mtu. Mwenyekiti atauliza, aibu itaanguka, atasema msichana asiyejua wageni wake wanakula nini anaenda kusomea nini huko. Halafu ataangalia nani ni wa pili. Nikatoka nje kupanga viti, nikanyamaza. Nyinyi mnajua nikinyamaza kuna jambo.

Wageni wakaingia. Kulikuwa na mama mmoja mzee, miguu imevimba kwa safari. Nikamkalisha kivulini, nikamletea maji anawe. Akanusa upande wa jikoni akatabasamu. "Nyathina, mwanangu, leo tutakula. Nimetoka bila kuonja kitu, nikasema kwa watu wa heshima haiwezekani nilale njaa."

Hapo ndipo nilipokamatwa. Nilikuwa nimewaza aibu ya binamu yangu tu. Sikuwa nimewaza huyu mama. Pengine atapewa sahani, ale bila kujua, ajue baadaye na kinywa chake kimeshakula. Ama ajue mapema, akae na njaa akijifanya ameshiba ili asimuudhi mwenye nyumba. Nilikuwa nataka kumpiga mtu mmoja kwa kutumia mgongo wa mgeni.

Nikaingia chumbani.

"Dada yangu, nyamera, vua hilo koti. Kuna kamongo kwa sufuria na nje kumejaa Wasabato."

Akakaa kitandani. "Uwi. Umejua saa ngapi?"

"Tangu nilipofika."

Akaniangalia. Akajua yote, sikuwa na haja ya kumweleza. "Basi tutalia baadaye. Niambie tufanye nini."

Tukawasha moto mwingine mbali na ule. Nikaazima sufuria na mwiko kwa jirani Msabato, binamu yangu akakimbia ufukweni kutafuta ngege mbichi, samaki ya magamba. Maziwa tukachemsha bila majani. Wageni nikawashikilia kwa nyimbo, pambio moja baada ya lingine, mpaka sauti zikakauka. Yule mama mzee alikula samaki mbili.

Halafu binamu yangu akasimama mbele ya mwenyekiti akasema, "Mkishiba, mshukuruni huyu. Mimi sikujua." Akanionyesha kwa kidole. Na niwaambie ukweli, hata hapo nilimwonea wivu, vile wema ulimtoka bila kujikaza. Mwenyekiti akatia sahihi. Binamu yangu akaenda ng'ambo.

Nikarudi Migori kuuza chumvi. Alipotuma picha amesimama kwa theluji, Baba aliitundika dukani. Kila mteja, mpaka wa kutoka mbali kule Ntimaru, ananiuliza, "Huyu ni wewe?" Siyo mimi. Nilisema "siyo mimi" mwaka mzima.

Kisha nafasi ingine ikapatikana, nikaitwa. Mwenyekiti akaniuliza maswali mawili tu ya maana. "Siku ile ulijua sijatia sahihi?"

"Nilijua, jaduong', mzee wangu."

"Hukufikiria kunyamaza?"

"Nilinyamaza. Halafu yule mama akasema ana njaa."

Akaandika. Halafu akatia sahihi.

Namshukuru Mungu, na Baba aliyeacha kucheka akauza ng'ombe, na jirani yule wa sufuria, na nyinyi akina mama mlionishonea koti. Namshukuru binamu yangu. Ameandika kwamba atanipokea stesheni, atanionyesha kila kitu, maana yeye sasa ni mwaka wa pili. Maneno hayo, mwaka wa pili, nimeyasoma na bado yamenichoma kidogo. Wivu haujaondoka, wapendwa. Nimejifunza tu kuunyima kazi jikoni, mahali mgeni anapikiwa.

Sasa ombeni tule. Nimepika mwenyewe. Jirani zetu Wakatoliki wamekuja, kamongo yao iko upande wa mlango, na mwiko wake. Ngege yetu iko huku dirishani. Mama wazee wapewe kwanza.