Kuku Kumi na Wanne wa Ndunge

Hapa Mukuyuni, siku isiyo ya soko, utatupata kwenye benchi ya Muktar kuanzia saa kumi. Benchi yenyewe ni ubao juu ya mawe mawili, na ubao umepinda katikati kwa sababu Injinia hukaa hapo hapo kila siku na hasikii la mtu. Muktar anauza unga na nguo, na mlangoni ana jiko na birika la kahawa ya tangawizi. Anasema kahawa ni ya wateja. Sisi hatujanunua hata sindano tangu mvua ianze, na bado anatumiminia. Injinia ni Musembi, aliyetengeneza pampu ya kisima mara moja tu na jina likamkaa. Daktari ni Mwau, alienda semina ya mifugo kule mjini Wote siku mbili na hajawahi kurudi kuwa mtu wa kawaida. Mimi wananiita Ndengu, na sababu mtaiona. Jana akaja Nzioka, ambaye tangu azike mke wake mwezi wa nane hukaa mwisho wa benchi bila neno. Akaketi, akaweka manyoya matatu ya mkia juu ya goti.

— Nyingine imekufa, akasema. Zimebaki kumi na nne.

— Mwewe? Injinia akauliza.

— Mwewe ataingiaje banda lenye kufuli? Zinadonoana zenyewe. Hii zimeila kutoka nyuma.

Asi! Hao ni kuku wa Ndunge, marehemu mke wake, wote. Wakati wa matanga, watu wakija kwako kukufariji lazima wale, na kuku wa boma huwa wa kwanza kwisha. Nzioka alitoa mbuzi wawili bila kunung'unika, lakini kuku wa mke wake aliwafungia bandani, akatia ufunguo mfukoni. Tangu siku hiyo hajawafungulia. Anawapelekea maji na mahindi, anafunga tena. Miezi mitatu sasa.

— Nyinyi niambieni, Nzioka akasema. Nikifunga, zinamalizana. Nikifungua, zinapotea. Na sina kitu kingine chake kinachopumua.

Hapo ningekuwa mtu wa maana ningemshika mkono. Lakini benchi yetu haijui kushikana mikono. Benchi yetu inajua kubishana.

— Fungua, Injinia akasema. Kuku ni miguu. Ukimfungia unataka atembelee nini?

— Usifungue! Daktari akaruka. Unajua kideri wewe? Hiyo ugonjwa inatembea. Kuku ya huko Kalamba ikikohoa leo, ya hapa inaanguka kesho. Tulifunzwa.

— Na huko nje kuna ndengu, nikasema mimi.

Sikuona haya. Shamba linalopakana na la Nzioka ni langu, na wiki hii ndengu zangu zimetoa majani mawili mawili, laini, yale kuku anapenda kuliko mahindi. Kila mtu huku anajua ndengu zikichipuka kuku hufungwa mpaka zikomae kidogo. Hata Ndunge, msimu kama huu, aliwafungulia jioni tu wanyooshe miguu, halafu giza likikaribia wanarudi.

— Basi si afungue jioni, kama yeye? Injinia akasema.

— Jioni ndiyo mwewe ana njaa, Daktari akamjibu.

— Rangi! Injinia akasema. Si vifaranga tunawapaka rangi ya pinki ndio mwewe awaogope? Sasa kuku mzima amekosa nini? Mimi nitachora macho mgongoni. Mawili, makubwa. Mwewe akiangalia chini anaona anaangaliwa. Anasikia aibu, anaenda.

— Mwewe ya wapi hiyo iko na aibu? Muktar akauliza, akimimina.

— Dawa ni miwani, Daktari akasema.

— Ya nani?

— Ya kuku! Semina walituonyesha picha. Kuku anavalishwa kimiwani hapa puani, haoni mwenzake mbele, hadonoi mtu.

— Na akiingia kwa ndengu zangu?

— Haoni ndengu.

— Na mwewe akija?

— Haoni mwewe. Anakufa na amani.

Muktar alicheka mpaka birika likamwagika. Hata Nzioka mdomo ulivutika upande mmoja. Hiyo ndiyo shida ya hawa watu wangu: ukitaka kuwakasirikia wanakuchekesha, na ukitaka kucheka unakumbuka mtu ameketi hapo na manyoya gotini.

— Ngojeni, Injinia akasema, na nikajua tumepotea. Mbuzi tunafunga kamba, si ndio? Kuku pia. Kumi na nne, kamba moja moja, nguzo katikati. Napima, kamba inaishia hatua mbili kabla ya ndengu za huyu.

— Watajisuka kama kiondo, nikamwambia. Utawafungua na kisu.

— Basi banda liwe na magurudumu. Tunalifunga kwa punda wa Nzioka. Asubuhi linakula nyasi huku, mchana kule.

— Na punda akishtuka akimbie nalo?

— Kuku zimesafiri. Shida iko wapi?

— Mnacheka, Nzioka akasema, na sisi tukaacha. Mimi leo asubuhi nilifungua huo mlango. Zikanyoosha shingo, zikaniangalia. Nikafunga. Nikaondoka haraka kama mwizi.

Wakati huo mlango wa duka ukafunguka, akatoka Hibaq na sukari ya birika. Ni mke wa ndugu yake Muktar, amefika wiki jana kutoka upande wa Garissa, na kwao ni watu wa mbuzi, si wa kuku. Nadhani alikuwa ametusikia muda mrefu. Aliweka sukari chini, akamgeukia Nzioka kwa adabu.

— Mzee, samahani. Mama alikuwa anawafungulia jioni?

— Ndio, mama.

— Na giza ikikaribia, alikuwa anawaita aje?

Injinia akamwangalia Daktari, Daktari akaniangalia mimi. Mimi nilikuwa na jibu kabisa. Ua langu na lake ni moja, sauti ya Ndunge nimeisikia miaka yote, ikianza najua ni wakati wa kuokota jembe niende nyumbani. Nikaitafuta kichwani. Jembe nililipata. Ua nililiona. Sauti haikuwepo. Niliumia, sitaficha.

Sote tukamwangalia Nzioka.

— Miaka thelathini na nane, akasema. Kila jioni. Mimi nilikuwa kwa kiti nasikiliza redio.

Akasugua goti.

— Nilikuwa namwambia apunguze kelele.

Hibaq akashika mdomo. Akasema pole, akasema hakujua. Muktar akajaza kikombe cha Nzioka, ingawa kilikuwa hakijapungua, na kahawa ikamwagika kwa ubao na hakuna aliyepangusa. Hata Daktari hakuwa na semina ya hiyo.

Halafu Nzioka akasimama.

— Lakini wao wanajua, akasema.

— Nani? nikauliza.

— Kuku. Nitasimama nje ya banda nijaribu kuita hivi, nijaribu vile. Ile itafanya wainue vichwa, hiyo ndiyo yake. Nikishaipata, nafungua.

Alishaanza kutembea. Hakuna aliyesema twende, lakini Injinia aliinuka na ubao ukanyooka, Daktari akaacha kahawa nusu, kitu ambacho sijawahi kuona. Mimi nikamkimbilia Nzioka, nikamwambia akifungua awaachilie upande wangu, kuna nyasi nzuri kando ya ndengu, na wakipita kwa mistari ya kwanza si mbaya, mvua bado ipo, nitapanda tena. Nzioka alikuwa anasikiliza kitu.

Tulipofika kwa njia ya chini, Injinia akaweka mikono mdomoni, mwanamume mzima na kitambi chake, akaita:

— Kuru, kuru, kuru, kuru!

— Hapana, Nzioka akasema. Yake ilikuwa inapanda mwishoni. Jaribu tena.