Mama Alipotoka Nje Kuimba

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Nasimama hapa nikiwa bado sijaelewa vizuri yaliyotupata, lakini aliyetuvusha namjua, na huyo ndiye nimekuja kumshukuru. Mume wangu, Baba Mwende, yuko pale nyuma. Amenipa ruhusa niseme yote, ndiyo maana anaangalia viatu vyake.

Baba Mwende ni mgonjwa wa moyo. Ana dawa ya kila siku, na vile vidonge vidogo vya kuweka chini ya ulimi kifua kikimbana. Mwaka ule wa ukame nilianza kuona tabia nisiyoielewa. Alihamia stoo, akasema analinda mahindi. Mahindi gani, na mvua ilikuwa imetunyima hata panya wakahama? Siku za soko Kathiani alirudi akinuka mizizi. Leo ananisemesha kama tumeoana juzi, kesho hataki hata nimwangalie. Nikafikiri ni mwanamke. Nikaomba, nikakasirika, nikanyamaza. Heri angekuwa mwanamke kweli, ningejua wa kugombana naye.

Basi siku moja mama yangu mzazi akaja kutoka Kola kutusalimia. Mnajua vile kwetu Ukambani mwanaume na mama mkwe wake hawakai karibu, hawali pamoja, na mambo ya chumbani hayatajwi hata kwa mafumbo. Ndiyo nthoni hiyo, heshima na aibu pamoja. Mama alikuwa anachambua maharagwe. Baba Mwende akaingia kutoka sokoni, uso umeiva, akashikilia mlango.

"Mama Mwende, mbona kuku ni bluu?"

Nikaangalia kuku. Walikuwa weupe.

"Na huu ukuta, nani ameupaka rangi?"

Halafu akaanguka. Jasho, mwili baridi, moyo unakimbia. Ndugu zangu, nilichanganyikiwa. Ni malaria imepanda kichwani? Ni maono? Ni mtu amemroga? Jirani yetu Musyoka akasema tumpeleke kwa yule mzee wa mitishamba pale sokoni, akakimbia kuleta pikapu. Mume wangu akatikisa kichwa. Nikamuuliza amekula nini. Akamwangalia mama, aliyekuwa ameshika beseni la maji, akafunga mdomo.

Nilipoona ameshika kifua nikachukua kidonge cha chini ya ulimi nimtie mdomoni. Akabana meno. Nikajaribu kumlazimisha. Machozi yakamtoka, na bado hasemi. Mimi nilidhani namwokoa, kumbe nilikuwa namuua kwa mkono wangu, na yeye alijua, na nthoni imemziba.

Mama ndiye aliyeelewa. Alielewaje, mpaka leo sijamuuliza. Akaweka beseni chini, akajifunika leso kichwani, akasema akiangalia ukuta, "Aibu haimfufui mtu. Mimi natoka." Akaenda mpaka zizi la mbuzi, akaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti ambayo sikujua anayo, ili asisikie letu lolote.

Wimbo ulipopanda ndipo Baba Mwende akasema. Ni vidonge vya nguvu za kiume. Alinunua duka la dawa bila kuandikiwa na daktari. Alimeza kimoja, akaona kinachelewa, akaongeza, akaongeza tena, na juu yake unga wa mizizi wa yule yule mzee wa soko. Muuzaji alimuuliza kama ana ugonjwa wa moyo, akasema hana. Akaonywa kwamba vidonge hivyo vikikutana na dawa ya chini ya ulimi, mtu anaweza kufa.

Nikarudisha kile kidonge kwa chupa, nikakaza kifuniko. Musyoka alipofika nikamwambia twende hospitali Machakos, si sokoni. Huko nikasema kila kitu, sikuficha hata neno. Daktari akasema presha ilikuwa imeshuka vibaya. Akasema ile bluu aliyoiona ilitoka kwa vidonge, na kwamba unga kama ule wakati mwingine huchanganywa na vidonge vile vile vikiwa vimesagwa. Dawa hiyo ina watu wake na kipimo chake, na kipimo hakijui haraka ya mtu.

Alipopata nguvu nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema nguvu za chumbani zilikuwa zimempungua, akaogopa nitamwona si mwanaume. Nikalia, ndugu zangu. Mimi nilikuwa nimelionea wivu gunia tupu la mahindi.

Sasa amerudi chumbani, na daktari wake anajua yote. Mama bado anakuja, na nthoni iko pale pale, hawaangaliani. Lakini nikimpelekea mama chai nje, Baba Mwende ndiye huniuliza kama nimetia sukari ya kutosha.

Mungu alitumia wimbo wa mama mzee kufungua mdomo wa mume wangu. Mtegemeeni, ndugu zangu. Na wewe baba unayemeza vitu kwa siri, ukishindwa kusema, niambie tu. Mama yangu yuko nyumbani wiki hii, na sauti bado anayo.