Mikono Mifupi ya Mama Jael Kageha

Tunawashukuru nyote mliofika, hasa mliopanda kilima hiki kwa baiskeli, kwa sababu mama tunayemzika angewatambua ninyi kwanza.

Mama Jael Kageha Osundwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, karibu na soko la Khwisero, mtoto wa tatu wa Mzee Shitanda na Mama Rasoa. Alizaliwa mdogo, na akabaki mdogo. Inasimuliwa kwamba alipokuwa na miaka mitatu alijichomoa mgongoni mwa mama yake, akasimama chini na kutangaza, "Mimi sibebwangi." Hakuwahi kuyafuta maneno hayo.

Alisoma shule ya msingi nyumbani hadi mwaka 1969, kisha akajiunga na shule ya upili Mukumu, ambako alisimamishwa mstari wa mbele katika kila picha kwa miaka minne. Mwaka 1976 alihitimu chuo cha Bukura na cheti cha kilimo.

Januari 1977 aliajiriwa kuwa afisa wa kilimo nyanjani, akapewa baiskeli ya serikali iliyotengenezwa kwa ajili ya mwanamume mrefu. Akishusha kiti, magoti yalimgonga kidevu. Akikipandisha, miguu ilielea hewani. Mkubwa wake alimwambia, "Kageha, baiskeli haina kasoro. Mwenye kasoro ni wewe. Kufikia mwisho wa Machi, kama huwezi kuiendesha, karani atakubeba kwenye keria, ama ubaki ofisini kupiga muhuri."

Alimjibu mlivyotarajia: "Mimi sibebwangi." Kisha akaikokota baiskeli hadi kwa fundi kijana sokoni, Philemon Osundwa.

Fundi aliitazama baiskeli, akamtazama na mwenyewe, akasema, "Madam, kiti hakina hatia. Ni mikono." Mikono, kwa mafundi wa Khwisero, ni vile vyuma viwili vinavyoshika pedali. Ikiwa mirefu, goti la mtu mfupi hupanda kuliko inavyofaa. Basi akachukua kamba kumpima mguu, kutoka nyonga hadi kisigino, mchana kweupe, siku ya soko.

Habari ilimfikia Mzee Shitanda kabla kamba haijakunjwa. "Wewe, kwa nini unapima mguu wa binti yangu?"

"Mzee, napima baiskeli."

"Tangu lini baiskeli ikawa na goti?"

Swali hilo lilikosa jibu kwa karibu miaka mitano, hadi fundi na binti huyo walipofunga ndoa tarehe 5 Desemba 1981.

Philemon alitoboa matundu mapya kwenye mikono ile, karibu na ekseli, akakata chuma kilichobaki. Machi 1977 Mama Jael aliteremka mteremko wa kwanza akiimba. Ila fundi alikuwa amesahau kwamba pedali ya kushoto hukazwa kinyume. Ikafunguka yenyewe njiani, na afisa wa kilimo akaingia katika majani ya ng'ombe ya mkulima mmoja. Mkulima alipokuja mbio kumwinua, alikuta ameshainuka. "Umeyapanda kwa kubanana sana," alimwambia. "Acha nafasi ya futi tatu."

Pedali ilirekebishwa, na kwa miaka thelathini na tisa, hadi alipostaafu mwaka 2016, hakuna shamba lililokosa kufikiwa kwa sababu ya mlima.

Mwaka uliofuata mikono ile ya baiskeli ililika kabisa, na macho ya Mzee Philemon hayakumwezesha tena kutoboa chuma. Magoti ya mama nayo yalianza kuuma. Daktari alisema baiskeli ni dawa, mradi goti lisikunjwe sana. Mama alimwandikia mpwa wake aliyekuwa Lisboni, "Nitafutie mikono mifupi. Mirefu inaniumiza." Mpwa huyo anajivunia kujua lugha sita. Alituma mashati sita meupe, ya mikono mifupi, saizi ya wanaume.

Mama alipiga simu. "Asante, mwanangu. Ni mazuri. Lakini hayapandi mlima."

Aliyemwokoa ni mjukuu wake Shantel, aliyekuwa na miaka tisa, ambaye baiskeli yake ilikuwa imeshakuwa ndogo kwake. "Kukhu, chukua mikono yangu," alimwambia bibi yake. Ilipimwa: inchi tano na nusu, sawasawa na ile ya zamani. Mzee Philemon akakohoa, akakiri kwamba alijua tangu mwanzo. "Lakini nani angemwambia Madam atumie vitu vya mtoto?"

Mama alimsogezea baiskeli. Kisha akasema, "Funga. Na kushoto ukaze kinyume." Alipanda baiskeli hiyo kwa miaka minane zaidi.

Mwezi Septemba mwaka huu alianza kusumbuliwa na moyo. Gari lilipoletwa, aliegemea fimbo, akaingia mwenyewe na kufunga mlango. "Kupanda si kubebwa," alieleza. Alilala Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, katika hospitali ya misheni ya Mukumu, Mzee Philemon akiwa amemshika mguu uleule aliowahi kuupima.

Ameacha mume wake Philemon. Wana wao Mark na Weldon. Mkaza mwana Chebet. Wajukuu watano, Shantel akiwa wa kwanza. Na mpwa anayewasomea haya, ambaye bado anaomba msamaha.

Mashati yale sita hayakuwahi kuvaliwa. Mama aliyatunza kabatini, akisema kila kitu kina kazi yake. Leo, kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa na miaka mitatu, Mama Jael amekubali kubebwa. Watazameni wanaume sita wanaosimama sasa kumwinua: wote wamevaa mikono mifupi.

Pumzika kwa amani, Madam. Mlima umekwisha.