Chama cha Kuni cha Heibi Makha Chamwomba Mgeni Kijiko cha Majivu

Mgeni rasmi, Bwana Kuramochi, Mwenyekiti wa Umoja wa Familia za Waliofia Vitani kutoka Japani. Mkuu wa kijiji chetu pamoja na kilemba chako kipya. Wazee, akina mama mnaotokwa na machozi ya vitunguu, wakwe mliotoka mbali, na nyinyi watoto mliopanda ukutani: kama kuna niliyemruka katika itifaki, anisamehe, tuanze kabla chai haijapoa.

Mimi ni Memcha, katibu wa Chama cha Kuni. Wenzangu wamenichagua kusoma risala hii kwa sababu nina sauti, na pia kwa sababu wao wote walikataa. Anayetutafsiria ni binti yetu Sanatombi, aliyesoma kwenu. Tunamwomba asituruke mistari, hata pale atakapoona haya.

KARIBU

Mgeni rasmi, leo tumefurahi mpaka tunajishangaa. Barabara tumeifagia mara mbili, maana baada ya mara ya kwanza walipita ng'ombe. Mpiga ngoma wetu alianza kukupigia ukiwa bado ng'ambo ya mto. Tukamwambia, "Wewe, huyo anayekuja ni muuza ndoo!" Akajibu, "Kwani yeye si mgeni?" Akaendelea kupiga. Muuza ndoo naye akashuka kwenye baiskeli akapokea mashada, na ameketi pale safu ya tatu, hatuna la kumfanya.

Ukisikia harufu kali kutoka jikoni, usiwe na wasiwasi. Hakuna kilichooza. Ni samaki wetu wa kuchachusha, wamepondwa na pilipili na viazi, na wanawake wa kitongoji hiki wamegombana wiki nzima nani awaponde. Tunakuomba ule mara mbili. Ukila mara moja tu, kuna watu wawili hapa hawatasemezana mpaka mvua zijazo.

CHAMA CHETU NA KAZI YAKE

Chama cha Kuni kina kazi moja. Mtu akifa ndani ya mipaka ya kitongoji chetu, kila nyumba inaleta gogo la kumchomea. Analeta tajiri, analeta fukara, analeta hata aliyegombana na marehemu. Mzee Nilamani, huyu hapa mwenye shali, aliwahi kumpelekea gogo jirani aliyemwibia bata. Tena gogo kavu la maana. Alipoulizwa alisema, "Bata ni bata. Lakini mtu aungue vizuri."

Sheria yetu haiulizi marehemu ni nani wala katoka wapi. Inauliza tu kafia wapi. Ndiyo maana sisi na nyinyi tukajuana.

VITA VILIVYOTUPITIA

Mgeni rasmi, wasomi wanasema kwamba mwaka ule wa 1944 majeshi yenu yalivuka mto Chindwin mwezi Machi, sehemu moja ikaenda Kohima na nyingine zikaja huku kuuzingira mji wetu wa Imphal. Wanachora mishale mizuri sana kwenye ramani. Mmoja wa mishale hiyo unapita katikati ya shamba la babu yangu, na yeye alikuwa ndiyo kwanza anaandaa kitalu cha mpunga.

Upande wenu ulipanda na barabara ya Tiddim. Upande wa Waingereza, na Wahindi wao na Wagurkha wao, ukawa umejichimbia. Katikati kikasimama kilima chetu, Heibi Ching, ambacho hadi siku hiyo hakuna mtu aliyewahi kukitaka isipokuwa mbuzi. Ghafla kila mtu anakitaka. Leo wanakichukua hawa, kesho wanakipokonya wale. Bi Ibetombi, aliyekuwa na miaka tisa, anasema, "Tulikuwa tunaamka tunaulizana, leo kilima cha nani? Tukishaambiwa, tunajua tukimbilie upande gani."

Ndege zilikuwa zinadondosha chakula kwa miavuli kwa ajili ya waliozingirwa. Gunia moja lilikosea njia likatoboa paa la bibi yangu. Akatoka nje akaitukana ndege, ukoo wake na aliyeizaa. Kisha akalifungua gunia, akakuta sukari. Akatazama juu, akasema kwa adabu kabisa, "Mwanangu, na jikoni pia pana paa."

Tunacheka, mgeni rasmi, kwa sababu tuko hai. Mwaka ule mpunga haukupandwa. Miti ya kilima ilikatwa na mizinga ikaisha yote. Na upande wako uliomba watu wa kubebea risasi. Wazee wetu wanasema uliomba, na sisi tumeliacha neno hilo hivyohivyo, ingawa aliyekuwa akiomba alishika bunduki. Vijana wanne walipanda kilima na makasha mabegani: Angou, Tolhal, Amujao, na Ibohal, kaka yake Bi Ibetombi. Halafu mizinga ya upande wa pili ikakipiga kilima siku nzima. Mvua zilipokolea na askari wenu wakaanza kurudi kusini, wakiwa wamebaki mifupa, vijana wetu hawakuonekana miongoni mwao.

Kwetu, asiyepatikana mwili huchomewa gogo la mti wa pangong badala yake, na Chama hutoa kuni kama kawaida. Familia tatu zilifanya hivyo. Mama yake Ibohal alikataa. Alisema, "Nikichoma gogo nitakuwa nimemuua mimi." Akaendelea kumpikia sehemu yake ya wali mpaka alipokufa mwenyewe. Kabla ya kufa alimwagiza Ibetombi, "Wewe usichome gogo. Mchome yeye." Agizo hilo Bi Ibetombi amekaa nalo maisha yake yote.

MAFANIKIO

Tuje kwenye mambo ya kupendeza. Miaka ya sabini ujumbe wenu wa kwanza ulifika hapa kutafuta mifupa ya ndugu zenu. Walikuwa watu wazima wenye viatu visafi, wakipiga magoti kwenye matope na kuchimba kwa vijiti vya kulia chakula. Tuliwaonea huruma tukaingia kazini wote. Kila mfupa tuliowahi kuukuta wakati wa kulima, tuliokuwa tumeufukia pembeni kwa heshima, tuliufukua tukawaletea. Na walipotaka kuichoma kabla ya kuondoka, wakauliza pa kununua kuni. Kununua! Mwenyekiti wetu wa wakati huo nusura azimie. Hao wamefia ndani ya mipaka yetu. Kila nyumba ilileta gogo. Wageni walilia, sisi tulilia, mpiga ngoma alilia, na majivu yakasafiri vizuri katika chungu cheupe.

Kwa ajili ya kuni zile, Umoja wenu umetujengea ghala hili unalolifungua leo. Lina paa la bati, lina milango, na kwa mara ya kwanza tangu Chama kianzishwe kuni zetu zitakuwa kavu hata mwezi wa Julai, mvua zinapokolea. Watu wa kitongoji hiki waliokuwa wakiogopa kufa wakati wa mvua sasa wametulia kabisa. Mzee Nilamani ameshachagua kona yake.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, hapa ndipo wenzangu walipokataa kusoma. Kuna kosa dogo limetokea. Si lenu. Ni letu, na tulilifanya kwa moyo mmoja.

Mwaka jana Sanatombi alitembelea jumba lenu la ukumbusho, pale majivu yalipozikwa, akatuletea picha kwenye simu. Tulikusanyika kwa Bi Ibetombi kuzitazama. Kwenye kabati la kioo kulikuwa na vitu vilivyopatikana pamoja na mifupa: vifungo, miwani, na kikasha kidogo cha shaba. Sanatombi akatusomea maelezo yake, kwamba ni kikasha cha dawa cha askari asiyejulikana.

Bi Ibetombi akasema, "Rudisha nyuma. Hapo hapo. Kikuze."

"Ni kikasha cha dawa, bibi."

"Dawa ya kikohozi? Hicho ni kijaluba cha chokaa cha kaka yangu! Huo mbonyeo wa kifunikoni ni wangu mimi. Nilikitumia kuvunjia popoo, akanifukuza kuzunguka nyumba mara tatu."

Tukamtazama Mzee Nilamani, ambaye miaka ya sabini alikuwa kijana na ndiye aliyekabidhi mifupa. Akavuta shali mpaka puani. "Nilikikuta udongoni kati yao," alisema. "Mimi nitajuaje Mjapani hali tambuu? Nikakipangusa, nikakiweka juu kabisa, wageni wasije wakasema tumewaibia."

Ndiyo hivyo, mgeni rasmi. Kwa kuogopa kubaki hata na kifungo chenu kimoja, tuliwakabidhi ndugu zetu wenyewe. Tuliwachoma kama wageni, tukawaimbia kama wageni, tukawapungia mkono. Wamevuka bahari bila pasipoti, na kila mwaka mnawawashia ubani.

Bi Ibetombi alicheka mpaka tukamshika asianguke. "Kaka yangu yuko Japani! Yule aliyekuwa anaogopa kupanda mtumbwi!" Tukacheka naye, hatukuweza kujizuia. Kisha akakumbuka kitu, akauliza, "Siku ile ya kuchoma, mimi nilileta gogo gani?" Mzee Nilamani akamwambia, "La mfenesi. Ulilibeba mwenyewe ukakataa kusaidiwa." Hapo ndipo alipolia, na sisi tulilia naye bila aibu. Agizo la mama yake alikwishalitimiza alipokuwa na miaka arobaini, na hakuna aliyemwambia.

MAOMBI

Tuna maombi madogo, tuyamalize haraka. Ghala lina paa ila halina mfereji wa maji, na maji yote yanamwagikia kwa jirani, ambaye ni mkali. Pia tunaomba picha za leo, zile ambazo mkuu wa kijiji hajafumba macho.

Ombi kubwa liligombaniwa vikao vitatu. Wengine walisema tudai watu wetu wote wanne warudi. Mama mmoja akawauliza, "Utawatenganishaje? Utapepeta majivu kama mchele?" Mwingine akasema basi tunyamaze, mgeni ametujengea ghala, tutamwambiaje kwamba kaburini kwao mna watu wetu? Ataona tunamharibia. Bi Ibetombi ndiye aliyeamua, na ameniagiza niyasome maneno yake bila kuyapamba:

"Bwana Kuramochi, mimi ni mzee na sina muda wa kuzunguka. Kaka yangu mwacheni hapo alipo, kama mnamtunza mnamtunza. Ila niletee kijiko kimoja. Kijiko cha chai kinatosha. Nataka kuyamwaga majivu yake mtoni kwetu kama watu wengine wanavyofanyiwa, nimwambie mama imekwisha. Najua kijiko hicho hakitakuwa na kaka peke yake. Wamo na wenu. Mimi sibagui. Yeyote atakayekuja naye, aje."

Mgeni rasmi, tunajua baba yako alifia Heibi Ching. Ulituambia mwenyewe jana, ulipokuwa unakitazama kilima ukiwa umeshika kikombe bila kunywa. Ulituambia pia kwamba hukuwahi kumwona, kwamba mama yako alikuwa na mimba yako baba alipoondoka. Kwa hiyo unajua kama sisi tujuavyo: yeye na Ibohal wamo katika chungu kimoja, na hakuna wa kuwaachanisha. Pengine walipanda pamoja, mmoja na bunduki na mwingine na kasha. Hatuna hakika na hatutaki kukudanganya. Kijiko utakachochota kwa ajili ya Ibetombi, utakuwa umechota na cha baba yako, na utakuwa umemrudisha mahali alipofia, kwa watu wanaopajua.

Kabla ya kwenda mtoni, tutawapokea kwa kuni mpya, kavu, za ghala hili hili. Kila nyumba italeta gogo, kwanza kwa ajili ya Ibohal, kisha kwa ajili ya baba yako. Muuza ndoo naye amesema ataleta.

Kuna jambo moja tu linatukwamisha. Kila anayelaza gogo lake hutaja kwa sauti jina la marehemu, ili ajue nani kaja kumsindikiza. Miaka ile ya sabini tulilaza kuni tukiwa kimya, kwa kuwa hatukuwa na jina hata moja, na mpaka leo wazee wanasema zile kuni ziliungua vibaya. Safari hii hatutaki kukosea. La Ibohal tunalo. Mgeni rasmi, tunakuomba utuambie baba yako aliitwa nani, na utuambie taratibu, maana ndimi zetu hazijazoea na tunataka watoto waliopanda ukutani walijue kabla hatujaenda kula.

Mungu wetu Sanamahi, anayekaa katika kila nyumba yetu, akukumbuke na kwenu. Akurudishe salama kwa wajukuu, akulete tena ungali na nguvu za kupanda kilima. Sisi tunanyamaza sasa. Tunakusikiliza.

Ni sisi wako,
Chama cha Kuni, Heibi Makha