Redio ya Mwisho ya Majidi Shomari

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni, mlio dukani, mlio njiani na redio mfukoni, hamjambo. Sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka Majidi Shomari, mwandishi wa vifaa na vyombo vya moto, mtoto wa Chemchem, hapa hapa Tabora.

Majidi Shomari alitutoka mwezi uliopita kwa maradhi ya figo. Ameacha mjane, Bi Shamila. Ameacha mama mzazi, Bibi Mwanne. Na ameacha makala moja ambayo haikukamilika. Haikukamilika kwa sababu ilikuwa ikisubiri neno la mama yake.

Majidi hakuwa na ofisi wala bosi. Alikuwa mwandishi wa kujitegemea. Magazeti ya Dar es Salaam yalimtumia simu mpya, taa za sola, misumeno, pampu, hata pikipiki. Yeye alikitumia kitu mpaka akakijua tabia, kisha akawaandikia watu: nunueni, au msinunue. Majirani walimcheka. Mtu mzima na ndevu zake, walisema, kutwa kuchezea vitu vya watu.

Mama yake naye alimtania.

"Chema chajiuza," Bibi Mwanne alimwambia siku moja, anapepeta mchele. "Sasa wewe kazi yako nini?"

"Na kibaya chajitembeza, mama," Majidi akajibu. "Kinatembea mpaka Isikizya. Mimi nakimbia nifike kabla yake."

Huko Isikizya anaishi rafiki yake, Masolwa, mfuga nyuki. Masolwa anakumbuka pikipiki za magurudumu matatu, hizi tunazoziita toyo. Majidi alizipimia kwenye njia ya zamani ya wapagazi, ile inayoelekea magharibi, upande wa Ujiji. Alisema njia iliyowapima babu zetu na pembe za ndovu mabegani haitadanganywa na injini. Lakini toyo haipimwi tupu, inataka mzigo. Basi Majidi akimkuta mama na mtoto mgongoni, anakwenda zahanati kwa miguu, husimama. Humwamkia, kisha humwomba amsaidie, maana leo amepungukiwa uzito.

"Asali yangu ilifika mjini msimu mzima kwa jina la uzito," anasema Masolwa. "Nikitaka kumshukuru, ananiwahi. Ananishukuru yeye."

Ndivyo alivyokuwa, wapendwa. Alikupa msaada ukadhani wewe ndiye uliyemsaidia.

Mtu mmoja tu alimshinda katika kazi yake, naye ni mama yake. Kila alichompelekea ajaribu, Bibi Mwanne alisema ni kizuri. Birika, zuri. Simu, nzuri. Mara moja alimpa taa ya sola, ikazimika hata isha haijaadhiniwa. Bibi Mwanne akakaa gizani, kimya. Asubuhi alipoulizwa, akasema taa nzuri mwanangu, Mungu akuzidishie. Majidi alicheka mpaka akakaa chini. Jirani alikuwa amekwisha kumwambia.

"Mama, wewe hufai kuwa shahidi," alisema. "Unanipenda mno."

Mwaka huu, tayari amedhoofika, Majidi alitumiwa redio ndogo ya sola. Boksi lake lilisema imetengenezwa kwa ajili ya wazee. Aliandika makala karibu yote akiwa kitandani. Akabakiza sehemu ya mwisho, ya mtumiaji mwenyewe. Akaiweka redio mikononi mwa mama yake.

"Safari hii niambie kweli," alimwambia. "Kuna mama wa watu atanunua kwa neno lako."

Kabla hajalipata neno hilo, Mungu akamchukua.

Baada ya hitma, Benjamini, mhariri wa gazeti, alipiga simu kutoka Dar es Salaam. Alitoa pole kwanza, akakaa muda mrefu kwenye pole. Kisha akasema makala ile ataisubiri. Bi Shamila aliitamani itoke. Alitaka kuliona jina la mumewe gazetini mara moja zaidi. Lakini kila alipomuuliza mkwewe kuhusu redio, jibu lilikuwa lile lile.

"Bado naisikiliza."

Bi Shamila hakumharakisha. Alijua. Bibi Mwanne ni wa ukoo wa wapagazi. Bibi yake alimsimulia kwamba mama wa huyo bibi, mumewe alipokwenda pwani na mizigo, aliacha mkeka bila kuumalizia. Ukindu ulining'inia pembeni. Mkeka haujaisha, safari haijaisha, mtu yuko njiani. Na Bibi Mwanne naye alikuwa na mtu wake njiani, maadamu hajajibu. Jioni aliiweka redio pale pale mlangoni Majidi alipozoea kuvulia viatu.

Hadi wiki iliyopita. Jirani yake, Bi Zamda, mtu mzima kama yeye, alikuja kumtazama. Akaiona redio, akaishika, akaigeuza. Akasema atawaambia wanawe wamnunulie kama ile.

"Kama imetoka kwa Majidi," alisema Bi Zamda, "itakuwa nzuri."

Mgeni alipoondoka, Bibi Mwanne akamwita Shamila, akamwambia alete kalamu.

"Yule wa mkeka mume wake alirudi," alisema. "Wangu harudi. Ila Zamda atanunua. Andika, mwanangu. Sauti yake safi. Kitufe chake kidogo mno, kidole cha mtu mzima hakikipati. Siku ya mawingu inazimika kipindi hakijaisha. Wazee wasinunue, mpaka waitengeneze upya."

Shamila aliandika. Machozi yalimdondoka, lakini aliandika. Kisha akauliza aweke maneno haya ni ya nani.

"Weka, shahidi," alisema Bibi Mwanne. "Yeye atajua."

Makala imetoka juzi, wapendwa. Imetoka kwa jina la Majidi Shomari.

Kwa Bibi Mwanne, kwa Bi Shamila, kwa Masolwa na jamaa wote wa Chemchem, poleni sana. Mungu amlaze Majidi mahali pema. Na wewe unayesikiliza, jiulize: yupo nani anayesubiri neno lako la kweli, nawe unamficha kwa sababu unampenda? Mpe angali anasikia.

Bibi Mwanne, shikamoo. Tunajua unatusikiliza kwa redio ile ile. Tumeambiwa Shamila amefunga uzi mwekundu kwenye kitufe ili kidole kikipate. Leo Tabora kuna mawingu, mama. Ndiyo maana tunaishia hapa, mapema, kabla haijazimika.