Bomba Chini ya Baraza la Kaka

KAKA: Haloo? Nani mwenzangu?

SPANA: Shikamoo kaka. Ni mimi, Spana.

KAKA: Marahaba! Mdogo wangu, namba gani hii? Nilidhani ni wale watu wa mzigo. Mama hajambo?

SPANA: Hajambo. Yuko juu dirishani, anatuangalia. Mimi niko chini, mbele ya duka lako. Mimi na wenzangu wa kazini.

KAKA: Idara ya maji? Mnataka magodoro?

SPANA: Tunataka bomba la zimamoto. Tunapita mtaa kwa mtaa, tunayafungua, tunayaacha yatapike kutu, tunapima presha. Mengine yote tumeyaona. La hapa halionekani.

KAKA: Basi halipo.

SPANA: Lipo. Linatoka barabarani linaingia chini ya baraza lako. Tumepitisha mashine, inalia hapa hapa, chini ya vigae.

KAKA: Mashine zenu hizo hata msumari zinaulilia! Nendeni mkapime kwingine.

SPANA: Kwa hiyo tunavunja.

KAKA: Mnavunja nini?

SPANA: Baraza.

KAKA: Sijasikia vizuri. Mtandao unakwaruza. Umesema—

SPANA: Umesikia, kaka.

KAKA: We mtoto una wazimu? Duka langu! Subirini nirudi, nitaleta mwashi, tutaongea kama watu—

SPANA: Nimekupigia kwa heshima tu, usikie kwangu kabla hujasikia kwa majirani.

KAKA: Heshima! Unamvunjia kaka yako nyumba halafu unaita heshima? Baba alipofariki nani alikulea? Nani alikusomesha hiyo kazi yako ya mabomba?

SPANA: Wewe. Ndiyo maana naifanya vizuri. [anageuka] Anzeni upande wa mlango, taratibu.

[Kishindo cha nyundo.]

KAKA: Nini hiyo? Spana! Nini hiyo?

SPANA: Kigae cha kwanza.

KAKA: Mpe simu mkubwa wako!

SPANA: Mkubwa wa hapa ni mimi. Kaka, unakumbuka moto wa fundi cherehani?

KAKA: Usianze.

SPANA: Ukuta wake na wako unagusana. Ungepita huku ungemchukua mama, amelala juu ya ghala la magodoro. Unakumbuka ulivyopiga kelele siku ile? "Zimamoto wamechelewa! Zimamoto wazembe!" Uliwatukana kuliko mtu yeyote.

KAKA: Walichelewa!

SPANA: Hawakuchelewa. Walifika, maji ya gari yakaisha, vijana wa watu wakakimbia na mipira mikononi wakitafuta bomba. Mbele yako, kaka. Wakapita juu ya baraza hili, wakaenda kuunga mtaa wa nyuma. Waliporudi na maji, fundi alikuwa ameshamtoa mkewe. Mke ameshakata roho.

KAKA: Sasa mimi ndiye niliyewasha moto?

SPANA: Sijasema hivyo.

KAKA: Alijenga mwashi! Mimi nilikuwa safarini, kama leo hivi. Nilirudi nikakuta baraza limekwisha. Ningejuaje kuna bomba pale? Naapa kwa kaburi la baba—

SPANA: Usiape.

KAKA: Naapa!

[Vishindo. Mtu anapiga kelele kwa mbali.]

SPANA: Ngoja. Ngoja kidogo, kuna kitu... Acheni nyundo! Tumieni mikono.

KAKA: Nini? Mmeliona?

SPANA: Kuna plastiki. Kitu kimefunikwa juu ya bomba, saruji isiingie.

KAKA: Haya, rudishieni basi, si mmeshaliona—

SPANA: Limepasuka.

KAKA: Mmelipasua? Hamna akili? Nililifunika vizuri kabisa ili lisiharib—



SPANA: Umesema nini?

KAKA: Haloo?

SPANA: Usiniletee haloo. Umesema nini?

KAKA: Nimesema... mwashi alilifunika.

SPANA: Kaka, lililopasuka ni beseni la mama. La bluu. Lile alilotuogeshea, lina kiraka alichochoma baba kwa kisu cha moto. Mama alilitafuta nyumba nzima, wewe umekaa pale unakunywa chai unamwambia, "Labda umempa mtu." Mwashi aliingia mpaka bafuni kwa mama?

KAKA: Nilitaka sehemu ya kutandaza magodoro tu, mdogo wangu. Wateja waone. Nilijua nitakuja kulifungua. Nani angejua mambo yatakuwa—

SPANA: Lakini siku ile uliona! Walipokuwa wanatafuta ulikuwa umesimama juu yake! Si ungesema tu? Neno moja! "Lipo hapa, vunjeni." Wale wana mashoka, wangevunja!

KAKA: Niliogopa.

SPANA: Uliogopea vigae?

KAKA: Usinifokee! Mimi ni mkubwa wako!

SPANA: Nyamaza usikilize. Wanafungua. Sikiliza, nakusogezea simu.

[Chuma kinalia. Kisha maji yanatoka kwa ngurumo ndefu, yanazidi nguvu.]

SPANA: Umeyasikia? Yalianza mekundu kama chai, sasa meupe. Yamefika ng'ambo ya barabara. Presha ya hapa inashinda mtaa mzima. Yalikuwepo, kaka. Siku ile yote yalikuwepo.

KAKA: Funga. Funga hayo maji, watu watajaa.

SPANA: Wameshajaa.

KAKA: Fundi yupo?

SPANA: Amesimama hapa kando yangu.

KAKA: Mungu wangu. Umemwambia?

SPANA: Sijamwambia kitu. Ameliona beseni, ameyaona maji, na mimi nimekuwa nikipiga kelele. Sasa amenyoosha mkono, anataka simu.

KAKA: Usimpe. Nakuomba, mdogo wangu. Mwambie imezima. Spana! Usim—

FUNDI CHEREHANI: Haloo.

KAKA: [kimya]

FUNDI CHEREHANI: Nasikia unapumua, jirani.

KAKA: Fundi... habari za hapo?

FUNDI CHEREHANI: Siku ya msiba uliniletea magodoro ya kulalia wageni. Ukakaa na mimi, ukalia mpaka watu wakakushika. Nilikuwa nawaambia wanangu, huyu ndiye jirani. Nataka kukuuliza jambo moja tu. Ulikuwa unalia nini?

KAKA: Fundi, gari langu linaondoka. Wananiita. Tutaongea nikirudi, nitakueleza yote. Haya, kwaheri. Kwaheri, ndugu yangu.

FUNDI CHEREHANI: Ndugu yako ni huyu niliyeshika simu yake, na analia. Kwaheri utaniambia hapa. Nimeshakaa.