Fainali ya Bao Kati ya Baba Yangu na Mume Wangu

Bwana Mudiri, mkuu wetu wa serikali na mgeni wetu wa heshima. Bwana Kasisi, mwenye ukumbi huu. Wazee wangu wa Likoni na wa Changamwe, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, na nyinyi vijana mliopanda madirishani, hamjambo?

Mtaniwia radhi macho haya. Mtoto anaota meno, sijalala. Bwana Kasisi ameniambia nitoe shukrani mimi, Kafedha, kwa kuwa mshindi wa bao leo ni mume wangu, Dishon wa reli, Changamwe, na aliyeshindwa ni baba yangu, Mzee Mwarandu wa Likoni, bingwa wetu tangu kabla ya vita. Nani mwingine angesema asionekane ana upande? Mimi pande zote ni zangu.

Mnajua kwamba tangu niolewe na Mkamba, baba hajakanyaga kwangu. Mjukuu wake humwona kanisani tu. Leo wamekaa uso kwa uso, magoti karibu yagusane. Mlimwona Dishon anavyotoka jasho? Mkwe humtazami machoni, sasa utamla kete zake mbele ya watu? Njia ya kula ilikuwa wazi, hata mimi niliiona na mtoto begani, naye akainua kete azipeleke kwingine kama kipofu! Kabla hajaziachia, baba akamshika mkono.

"We Mkamba! Hii umeiona?"

"Nimeiona, baba."

"Basi mbona huli?"

"Naona haya, baba."

"Haya zako mpelekee mkeo. Hapa kula kete zangu! Ukiniachia, binti yangu namrudisha Likoni leo leo."

Mlicheka nyote, mimi sikucheka. Dishon kusikia mke anarudishwa, alikula, akala tena, mpaka safu ya mbele ya baba ikabaki mashimo matupu. Na safu hiyo ikiisha kete, umeshindwa. Baba akayatazama, akamtazama mkwewe usoni, mara ya kwanza tangu harusi.

"Kanila kweli, huyu. Jumapili nakuja kwenu. Nakuja na bao langu, hili la hapa limepinda."

Baba, karibu. Nimesikia, na mashahidi ni hawa. Wali wa nazi utapikwa. Lakini nawaambia wote wawili mbele ya Bwana Mudiri: hakuna kete itakayoguswa mpaka mtoto alale, na atakayembembeleza si mimi. Mimi nitakuwa nimelala.

Waamuzi wetu, wenye ukumbi, na nyinyi mliowapigia makofi wote wawili, mmenisikiliza vizuri. Asanteni sana.